Mzee wa Gunia na Kitanda cha Mwanangu

Kitanda cha mwanangu kilifika kwetu Donholm, Nairobi, Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, kikiwa kimefungwa kamba juu ya mkokoteni uliotoka soko la Gikomba, nami nikitembea kando yake kwa fahari ya mtu anayedhani kazi imekwisha. Fundi alinitoza shilingi 9,500, mwenye mkokoteni 800, godoro likanigharimu 4,600, na shuka pamoja na mto 2,000. Mwanangu alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minane, na mke wangu alikuwa amebakiza wiki nne ajifungue mtoto wetu wa pili. Usiku uleule tulimlaza mtoto katika chumba cha pili, tukamfunika, tukamwambia kwamba sasa yeye ni mkubwa, tukazima taa, tukatoka. Hakukilala kitanda hicho peke yake kuanzia jioni hadi asubuhi mpaka mwezi wa Septemba.

Tangu azaliwe alikuwa akilala katikati yetu, na sioni haya kulisema, kwa maana familia nyingi ninazozijua hapa Nairobi hulala hivyo, wengine kwa kupenda na wengine kwa sababu nyumba ni ya chumba kimoja. Mtoto kulala na wazazi wake si ugonjwa unaohitaji tiba. Sisi tulimhamisha kwa sababu mtoto mchanga hafai kulala kitanda kimoja na mtoto wa miaka miwili anayejigeuza na kurusha mateke usiku kucha. Anaweza kulaliwa, au blanketi likamfunika pua bila mtu kujua. Haja ilikuwa ya kweli, ila wakati tuliouchagua ulikuwa mbaya. Mtoto aliona kitanda kikija, kisha akamwona mdogo wake akija kushika mahali pake kando ya mama, akayaunganisha mambo hayo mawili kama ambavyo hata mtu mzima angeyaunganisha. Ningekuwa na nafasi ya pili ningemhamisha mwezi wa Januari, au ningekiweka kitanda chake ndani ya chumba chetu mpaka mdogo wake akomae kidogo.

Usiku wa kwanza alilia dakika kumi nikamtoa, na usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu, kwa ushauri wa mwenzangu kazini aliyeniambia kuwa mtoto akishajua kwamba kilio hufungua mlango hatanyamaza tena, niliufunga mlango nikakaa sebuleni nikiitazama saa. Alilia dakika arobaini. Mke wangu alikuwa amekaa mbele yangu akitokwa na machozi, mikono juu ya tumbo, na jirani wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza kama tuna mgonjwa. Nilipofungua mlango nilimkuta ametapika, tena hakuwa karibu na mlango. Alikuwa amejibana katika nafasi iliyobaki kati ya kitanda na ukuta, shuka imemfunika kichwa, magoti kifuani.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Mtoto anayegoma kulala hukimbilia mlango, huupigapiga na kuita jina lako. Wangu alikuwa amejificha. Kile nilichokiita ukaidi kilikuwa woga, nami nilikuwa nimemfungia ndani pamoja na kitu anachokiogopa. Wapo wazazi wanaomwacha mtoto alie kwa muda hadi azoee, nami sina ugomvi nao ikiwa mtoto wao anabishana tu kuhusu saa ya kulala. Lakini kabla hujaitumia njia hiyo, chungulia uone mtoto yuko upande gani wa chumba.

Baada ya hapo tulijaribu kila tulichoambiwa. Muuza dawa mmoja mtaani alinishauri nimpe dawa ya maji ya mafua, ile inayowaletea watu wazima usingizi. Nilimpa kijiko kimoja, mara moja tu, na ninakiri hapa kwa aibu. Badala ya kusinzia alichangamka, akawa anaruka juu ya makochi mpaka saa saba usiku. Daktari alikuja kunieleza baadaye kwamba dawa za aina hiyo huwasisimua baadhi ya watoto, na kwamba kwa vyovyote vile hazipaswi kupewa mtoto kwa ajili ya kumlaza. Mke wangu naye akabuni dawa ya zimwi, yaani maji katika chupa ya kupulizia nywele, ambayo tuliipuliza chini ya kitanda na nyuma ya pazia kila jioni. Kwa siku tatu ilifanya kazi ajabu. Siku ya nne mtoto alitaka kuikagua chupa mwenyewe, akaona maji yamebaki kidogo, akaanza kulia kwamba dawa inaisha. Hapo ndipo tulipong'amua kuwa tulikuwa tumemthibitishia kwamba zimwi yupo, na kwamba anazuiliwa na robo chupa ya maji.

Taa ndogo ya kuchomeka ukutani niliinunua Luthuli Avenue kwa shilingi 650, nayo ilikuwa na kasoro mbili ambazo sikuziona dukani. Ya kwanza, mwanga wake ulikuwa mweupe wa kuelekea buluu, na mwanga wa namna hiyo hukata usingizi; unaofaa chumba cha mtoto ni hafifu, wa rangi ya chungwa au nyekundu. Ya pili ni ya kwetu hapa: ilitegemea umeme. Masika yalikuwa hayajaisha, na usiku mmoja wa mvua umeme ulipotea mwendo wa saa nane. Mtoto aliyelala akiwa katika mwanga aliamkia giza totoro, na kilio chake usiku huo kilizidi vyote vilivyotangulia, kwa kuwa mtoto wa umri huo akiamka hutazamia kukuta vitu kama alivyoviacha. Nilibadilisha nikanunua taa ya sola ya shilingi 1,200 inayowaka mpaka asubuhi umeme uwepo usiwepo. Ningeshauri uanzie hapo, uokoe zile 650.

Mtoto wetu wa pili, msichana, alizaliwa katikati ya Juni, na mama mkwe akasafiri kutoka Voi kuja kumlea mzazi. Alipoelezwa habari za kitanda alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. "Mume wangu alale peke yake, kwani ni mlinzi wa benki?" aliuliza, kwani mjukuu wake wa kiume humwita mumewe, kama ilivyo ada ya mabibi. Akatandika godoro sakafuni katika chumba kile cha pili, na kwa wiki tano, baridi ya Julai ikiwa imeingia, bibi na mumewe wakalala pamoja kwa raha zao. Mimi nilinung'unika kwamba anatuharibia mpango. Ukweli ni kwamba hatukuwa na mpango wa kuharibiwa, na kwamba yeye ndiye aliyetuwekea utaratibu wa jioni ambao tunaufuata hadi leo: saa moja na nusu mtoto huoga maji ya vuguvugu, hunywa maziwa, huswaki, husimuliwa hadithi moja (daima moja, hata akisihi vipi), kisha hubembelezwa kwa wimbo uleule mmoja. Kabla ya saa mbili na nusu huwa amelala. Jambo jingine alilotuachia lilikuwa kauli aliyoitoa akiwa anafunga mzigo wake mwisho wa Julai. "Kila usiku huniuliza kama geti limefungwa," alisema. "Huyu haogopi giza. Kuna mtu anayemwogopa."

Tulimsikia lakini hatukumsikiliza, kwani wiki iliyofuata ilikuja na balaa yake. Mtoto alikuwa amerudi kulala kati yetu, na usiku wa tatu baada ya bibi kuondoka, yapata saa nne, alikurupuka akipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto. Macho yalikuwa wazi, jasho linamtiririka, naye akawa anamsukuma mamake kana kwamba hamjui. Tulimtikisa, tukawasha taa zote, tukamwita jina lake. Kadiri tulivyomshika ndivyo alivyozidi kupigana. Baada ya dakika kumi alilala kama aliyezimwa, na asubuhi hakukumbuka lolote. Ilitokea tena kesho yake, saa ileile. Jirani mmoja, mwanamke mwenye nia njema, alituambia kwamba hilo ni pepo na kwamba anamjua wa kulitoa. Tulikwenda kwa daktari wa watoto, tukalipa shilingi 3,000, na kwa kweli hizo ndizo fedha pekee katika mkasa huu wote ambazo sijawahi kuzijutia.

Alitueleza kwamba mtoto alikuwa akiweweseka, jambo la kawaida katika umri ule, na akatutaka tulitenganishe na jinamizi. Kuweweseka hutokea ndani ya usingizi mzito, kwa kawaida katika saa chache za kwanza za usiku. Macho huwa wazi lakini mtoto hayuko macho, hivyo hamtambui mtu wala hafarijiki, na kumtikisa humchanganya zaidi. Kazi ya mzazi ni kuondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, kukaa karibu na kusubiri. Jinamizi ni ndoto mbaya inayokuja usiku ukielekea alfajiri. Mtoto huamka kabisa, huikumbuka, naye huhitaji kukumbatiwa na kusikilizwa. Uchovu huchochea kuweweseka, na alipotuuliza mtoto hulala saa ngapi tuliona aibu kujibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu na minne apate usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, na wa mwaka mmoja na miwili saa 11 hadi 14. Wetu alipata tisa. Tangu bibi aondoke alikuwa akilala mchana kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, kisha anatusubiri mimi na foleni ya Jogoo Road mpaka saa mbili unusu, halafu anataka kucheza. Tulihamisha usingizi wa mchana uanze saa saba na uishe kabla ya saa tisa, na kwa muda wa wiki moja nikawa namgusa na kumwamsha kidogo robo saa kabla ya saa yake ya kuweweseka. Hakuweweseka tena, isipokuwa mara moja alipopata homa.

Daktari alituuliza pia kama mtoto hukoroma au hukata pumzi usingizini, na akauliza swali lililonikera: je, kuna mtu anayemtendea mtoto vibaya? Nilijibu kwa ukali kwamba hakuna. Alisema, bila kukasirika, kwamba hofu ya usiku ya mtoto huanzia pengine mchana, na kwamba mzazi yeyote mwenye shaka ya namna hiyo anaweza kupiga simu ya watoto, 116, bila malipo. Tulipokuwa tukishuka ngazi mke wangu akasema, "Geti."

Jioni hiyo tulimuuliza msaidizi wetu wa nyumbani, kwa upole uliozidi ule niliokusudia, ni nani anayekuja getini. Hakuficha kitu. Mtoto akikataa kula, alisema, humwambia kwamba mzee wa gunia atakuja kumtia guniani. Asiyejua, mzee wa gunia ni mnunuzi wa vyuma vikuukuu, anayepita mitaani na gunia begani akitangaza betri, chupa na sufuria zilizotoboka, na sidhani kuna mtaa wa Nairobi usio na wake. Basi mtoto wetu alikuwa akiisikia sauti ya mtu huyo kila siku mchana, na usiku tulikuwa tunamlaza katika kitanda kinachotazama dirisha lililo juu ya geti, penye pazia ambalo upepo ukilijaza hufura kama gunia lililojaa. Tulikuwa tumemjengea jukwaa kamili la hofu, tukazima taa, tukamwambia ni mkubwa.

Nilikuwa tayari kumwachisha kazi yule dada. Jumapili hiyohiyo mtoto alikataa kuvaa viatu tukiwa tumechelewa ibada, nikajisikia mwenyewe nikisema, "Vaa, ama nimwite mzee wa gunia." Mke wangu alinitazama tu. Dada hakuachishwa kazi, na tangu siku hiyo nyumba yetu ina sharti kwamba hakuna mtu, awe mzazi, bibi au mgeni, anayeruhusiwa kumtisha mtoto kwa mzee, polisi, mbwa wala sindano ya daktari. Ni sharti gumu kuliko unavyodhani, kwa sababu vitisho hivyo huleta utiifu papo hapo, na malipo yake huja saa nane usiku.

Jumamosi iliyofuata nilimtafuta mzee wa gunia, ambaye kumbe ni kijana asiyezidi miaka thelathini, nikamweleza shida yangu faraghani. Alicheka, kisha akanyamaza, akaniambia kwamba hata wanawe huko Kayole hutishiwa kwa mtu wa takataka. Nilimleta mtoto, nikiwa nimembeba, pamoja na sufuria yetu iliyotoboka. Kijana yule alilimwaga gunia lake lote chini: pangaboi bovu, nyaya, kikaango, betri ya gari. Akaipima sufuria kwa mzani wake wa kuning'iniza na kumpa mtoto sarafu tatu za shilingi ishirini mkononi. Usidhani mtoto alitabasamu. Alijificha nyuma ya mguu wangu muda wote. Lakini usiku ule, badala ya kuuliza kama geti limefungwa, aliuliza, "Mzee amelala?" Nikamjibu kwamba amelala kwake, na watoto wake. Aliendelea kuuliza hivyo kwa wiki tatu.

Tulikigeuza kitanda kisitazame dirisha, na pazia tukaliongezea uzito kwa chini. Taarifa ya habari ya saa moja, ambayo tulikuwa tukiitazama naye akiwa mezani anakula, tukaiacha, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hajui kwamba mafuriko au moto anaouona hauko nje ya mlango. Tukaanza pia kulizoea giza likiwa bado la mchezo. Nairobi jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo kila siku kabla ya kuoga tulipata robo saa ya kuzima taa, kufichamana kwa tochi na kutengeneza vivuli vya ndege na sungura ukutani. Tochi alipewa iwe yake, ikalala chini ya mto. Mimi niliidharau hiyo michezo nikiiona ya kitoto. Mke wangu alinikumbusha umri wa mwenye shida.

Hapo tu ndipo tulipokirudia kitanda. Nilitumia stuli ya plastiki ya jikoni, na kwa kuwa mimi ni karani wa hesabu, niliandika kila usiku katika daftari. Usiku nne za kwanza nilikaa kando ya kitanda, mkono wangu mgongoni mwake, mpaka alale. Nne zilizofuata palepale bila mkono. Kisha stuli ikasogea katikati ya chumba, baadaye mlangoni, na hatimaye koridoni ambako aliona goti langu tu. Sikuzungumza naye, wala sikushika simu, maana mwanga wake humvutia mtoto. Akiniita nilikuwa na sentensi moja isiyobadilika: "Baba yupo, lala." Akitoka kitandani nilimrudisha kwa mkono, bila ugomvi na bila hadithi. Nilipomwahidi kwamba nitarudi kumtazama baada ya dakika tano, nilirudi baada ya dakika tano, hata alipokuwa amekwisha kulala. Usiku wa 11 alishikwa na mafua tukarudi kando ya kitanda kana kwamba hatujaanza, na usiku wa 16 mbwa wa mtaa walipigana chini ya dirisha, tukapoteza siku nyingine tatu. Jumla ilikuwa usiku 26. Katika muda huo nilipitwa na kituo changu mara mbili nikiwa nimelala ndani ya matatu, nikalipa ankara moja ya kazini mara mbili na kupewa onyo la maandishi, na mimi na mke wangu, ambaye alikuwa akimnyonyesha mtoto mchanga chumbani kwetu, tulikaa siku kadhaa tukizungumza kwa ajili ya maziwa na nepi pekee. Kama ningeweza kurudi nyuma ningeomba likizo ya wiki moja kwa ajili ya kazi hii, na ningemshirikisha mke wangu zamu mbili tatu, kwa sababu mtoto alizoea stuli yangu hata akawa hamtaki mtu mwingine aikalie.

Usiku wa 27 nilimwimbia, nikamfunika, nikatoka, nikakaa sebuleni nikisubiri. Saa mbili na dakika arobaini niliona mwanga wa tochi ukizunguka darini, ukatua juu ya pazia, ukakaa hapo kitambo, ukazimika.

Sasa ana miaka mitatu na nusu. Hulala peke yake usiku mwingi, na mara moja au mbili kwa wiki huja chumbani kwetu baada ya saa kumi alfajiri, tochi mkononi, akajipenyeza upande wangu kwa sababu upande wa mama una mwenyewe. Mwanzoni nilikuwa nikimrudisha. Siku hizi namsogezea mto.